Kitanzi kisichoteleza: fundo la kuacha chambo kicheze majini

Chambo bandia kizuri huharibiwa na fundo moja tu. Aliyekiunda amekipa tumbo la mviringo, kidomo cha plastiki mbele na uzito uliokaa mahali pake, ili kikivutwa kiyumbe kushoto na kulia kama kisamaki kilichoumia. Kisha mtu anachukua nailoni ya milimita 0.60, anaikaza kwa fundo la kubana kwenye tundu la chambo, na chambo kinakuwa kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi shingoni. Kinataka kugeuka, uzi unakikatalia. Nailoni nene ni ngumu na haikunjiki upesi. Ikibanwa tunduni inakuwa kijiti kilichochomekwa puani mwa chambo. Mbuta, yaani sangara wa Ziwa Victoria, anakiona, anakiacha kipite.

Dawa yake ni kitanzi, tena kile kisichoteleza: ukikifunga kwa upana wa kidole, kinabaki upana wa kidole hata samaki avute namna gani. Tundu la chambo linaning'inia ndani yake kama pete kwenye mnyororo, na chambo kinapata nafasi ya kuyumba, kupiga mbizi na kugeuka kama kilivyokusudiwa.

Neno lenyewe lina taabu yake. Wengi wakisikia kitanzi wanafikiria tanzi la kunasia kwale, lile linalokaza kadiri linavyovutwa. Ninaloeleza hapa ni kinyume chake kabisa. Likifungwa vizuri halisogei hata nukta. Likisogea, basi limefungwa vibaya, na chini nitaeleza jinsi ya kulitambua. Aliyelieneza zaidi ni Lefty Kreh, mvuvi na mwalimu wa uvuvi wa Marekani aliyefariki mwaka 2018. Lina ndugu wa karibu, fundo linalojulikana kwa jina la Rapala, kampuni ya Ufini inayotengeneza vyambo bandia. Hayo mawili yanafanana sana mpaka hatua ya mwisho. Nafundisha la Kreh kwa sababu lina hatua moja pungufu, na mikono ikiwa na baridi, au mashua ikiwa inarushwa na mawimbi, hatua moja ni kitu kikubwa.

Uzi kwanza

Maji ya Ghuba ya Winam, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, ni ya matope, hasa mvua zinapokuwa nyingi na mito ya Nyando na Sondu-Miriu ikishusha udongo. Samaki haoni uzi kwa mbali. Kwa hiyo anayevua kutoka Dunga au upande wa Kendu Bay hana sababu ya kujitesa na nailoni nyembamba eti samaki asiione. Tumia nene. Ukivuka Mlango wa Rusinga kuelekea kisiwa cha Mfangano maji yanakuwa safi zaidi, lakini huko ndiko kwenye mbuta wakubwa na mawe ya kukwaruza uzi, basi unene unahitajika vilevile kwa sababu nyingine.

Na kadiri uzi unavyokuwa mnene ndivyo kitanzi kinavyohitajika zaidi. Kwenye nailoni ya milimita 0.25 fundo la kubana haliharibu sana mwendo wa chambo, maana uzi wenyewe ni laini. Kwenye 0.50 kwenda juu tofauti unaiona kwa macho. Simama ukingoni mwa maji, vuta kijiko cha kuvulia kikiwa kimefungwa kwa kubana, kisha kifunge kwa kitanzi ukivute tena mahali pale pale, kwa mwendo ule ule.

Mbuta hana meno ya kukata kama ya mbwa. Mdomoni ana meno madogomadogo mengi sana, na ukimpitisha kidole utadhani unagusa msasa. Msasa huo husaga nailoni taratibu pambano likirefuka, na kingo za kifuniko cha mashavu yake ni kali pia. Ndiyo maana sehemu ya mwisho ya uzi, mita moja hadi moja na nusu, iwe nene kuliko ile iliyo kwenye rili, kile kigurudumu cha kukunjia uzi. Kitanzi tunakifunga kwenye sehemu hiyo nene.

Kwa wanaovua Naivasha, ambako shabaha ni besi, wale samaki wa mdomo mpana walioletwa kutoka Marekani miaka ya 1920, uzi wa milimita 0.28 hadi 0.35 unatosha, na kitanzi hiki hiki kinafaa mno kwa vyambo vidogo vinavyoelea juu ya maji. Chambo cha juu kikifungwa kwa fundo la kubana, uzi unakizamisha pua. Kikiwa ndani ya kitanzi kinakaa sawa, na ukikigutua kidogo kinainama na kuinuka bila kusogea mbele sana, jambo linalomtoa besi kwenye majani.

Kufunga

Jifunze kwanza kwa kamba ya kiatu na pete ya funguo. Nailoni inang'aa, inateleza na inajikunja yenyewe. Ukianza nayo hutaona uzi gani unapita wapi. Kamba ya kiatu inakuonyesha umbo lote. Ukishalifunga mara kumi bila kufikiri, hamia kwenye nailoni nene, halafu nyembamba.

Nitaita sehemu inayokwenda kwenye rili au mkononi mwako uzi mkuu, na ncha iliyo huru nitaiita mkia.

Pima sentimita 20 hadi 25 kutoka ncha ya mkia. Kwa mtu mzima ni kama shubiri moja. Wanaopunja hapa ndio wanaohangaika mwishoni, wakijaribu kuzungusha kipande cha uzi kisichoshikika. Mahali hapo fanya kifundo cha kawaida kabisa, kile cha kwanza kila mtoto anachojifunza: uzi unajivuka, mkia unapita ndani ya duara mara moja. Usikikaze. Acha duara lake liwe na upana wa sarafu ya shilingi kumi.

Sasa tazama hicho kifundo kwa makini, kwa kuwa kila kitu kinakitegemea. Mkia umetoka kwenye duara kwa upande mmoja, ama unaokutazama wewe au ule wa nyuma. Ukariri upande huo. Pitisha mkia kwenye tundu la ndoana au la chambo, urudi nao, uuingize tena katika lile duara kwa upande ule ule ulikotokea. Ulitokea mbele, uingie mbele. Ulitokea nyuma, uingie nyuma. Ukifanya hivyo, nyuzi mbili zitalala sambamba ndani ya kifundo kama watu wawili kwenye kitanda kimoja, na kitanzi kitakaa bapa. Ukikosea upande, kifundo kitajipinda, kitanzi kitasimama mshazari, na nguvu ya fundo itapungua. Kwa macho kosa hili ni dogo sana, nami naona ndilo linalowaponza wengi kuliko mengine yote.

Hatua inayofuata huwa inarukwa na wafundishaji, nayo ndiyo inayoamua ukubwa wa kitanzi. Kabla ya kuzungusha chochote, vuta uzi mkuu na mkia kwa zamu, polepole, ili kifundo kipungue na kishuke kuelekea tundu la ndoana. Umbali kutoka kifundo hadi tunduni ndio utakaokuwa urefu wa kitanzi chako. Ukikiacha kifundo sentimita sita juu, utapata kitanzi cha sentimita sita, na hakuna namna ya kukipunguza baadaye. Kishushe hadi sentimita moja au moja na nusu. Kikaze nusu, yaani kibane uzi kiasi cha kutosogea ovyo, lakini kibaki na nafasi ya mkia kupita mara moja zaidi.

Shika kifundo kwa kidole gumba na cha shahada. Kwa mkono mwingine uzungushe mkia kwenye uzi mkuu, juu ya kifundo, ukipanda kuelekea rili. Kila mzunguko ukae kando ya mwenzake bila kuukalia. Idadi inategemea uzi:

Uzi usiozidi nguvu ya kilo 4, mizunguko 7.
Kilo 4 hadi 6, mizunguko 5.
Kilo 7 hadi 18, mizunguko 4.
Kilo 22 hadi 27, mizunguko 3.
Zaidi ya hapo, mizunguko 2.

Hesabu hizi zina sababu. Uzi mwembamba unahitaji misuguano mingi ili usiteleze. Uzi mnene ukiuzungusha mara saba hutaweza kuukaza kwa mikono. Mizunguko ya juu itabana na ya chini itabaki imelegea, na fundo lililokazwa nusu ni hatari kuliko lenye mizunguko michache iliyokazwa yote. Nimetaja kilo kwa sababu makasha mengi ya nailoni huandika kilo au ratili. Ratili moja ni chini kidogo ya nusu kilo, kwa hiyo kasha lililoandikwa 20 kwa ratili ni kama kilo 9, si kilo 20. Kuna watu wananunua kwa kosa hilo na kulaumu fundo.

Baada ya mizunguko, rudisha mkia chini uuingize kwenye kifundo, tena kwa upande ule ule. Mara ya kwanza ulitokea mbele ukaingia mbele. Sasa unaingia mbele tena. Kwenye la Rapala hapa ndipo njia zinapoachana: mizunguko huwa mitatu, mkia huingia kifundoni kwa nyuma, kisha hupitishwa tena ndani ya kijitanzi kipya kilichojitokeza. Kwenye hili letu kazi ya kupitisha imekwisha.

Kukaza

Lowesha. Mate ni bora kuliko maji ya ziwa ukingoni, kwa vile maji ya ukingoni yana chembe za mchanga, na chembe moja ikinaswa ndani ya fundo inakwaruza nailoni kutoka ndani. Tia mate ya kutosha kwenye mizunguko yote na kwenye kifundo.

Kwa nini ulowanisho ni lazima? Nailoni ni plastiki. Ikisuguana ikiwa kavu inapata joto, na joto linalainisha uso wake na kuudhoofisha. Huwezi kuona moshi wala kusikia harufu, lakini ukisogeza sikio unaweza kusikia mkwaruzo mdogo mkavu fundo linapokaa. Ukiusikia, kata, anza upya. Alama nyingine ni uzi kuwa mweupe, kama umepigwa ukungu, sentimita chache juu ya fundo. Uzi huo umekwisha, hata ukionekana mzima.

Mpangilio wa kuvuta ni huu. Vuta mkia kwanza, polepole, mpaka mizunguko ikusanyike na kukaa pamoja kama waya wa chemchemi ya kalamu. Usifike mwisho, acha ikae tu. Kisha shika chambo kwa mkono mmoja, au ndoana kwa koleo, na kwa mkono mwingine vuta uzi mkuu, mvuto mmoja mrefu unaoongezeka, bila kugutua. Utaona mizunguko ikijipanga na kifundo kikisogea juu kukutana nayo mpaka vikabana, hakuna nafasi katikati. Hapo rudi kwenye mkia, ukaze mara ya mwisho kwa meno ya koleo. Meno yako mwenyewe usiyatumie. Nailoni ya kilo 20 inakata ufizi, na inaweza kumega jino.

Wanaoanza na uzi mkuu wanapata fundo baya kila mara. Uzi mkuu ukivutwa kwanza, kifundo kinabana kabla mizunguko haijakaa, na mizunguko iliyolegea inabaki juu yake. Samaki akivuta, ile mizunguko inajikaza yenyewe kwa ghafla, kavu, chini ya mzigo. Hapo ndipo uzi unapokatika sekunde ya kwanza tu, na mvuvi anasema samaki alikuwa mkubwa.

Kata mkia uache milimita 2 au 3. Kwa nailoni nene sana acha 4 au 5. Usikate kwa kubana fundoni, kwani kila fundo la nailoni husogea unywele mmoja mzigo wa kwanza unapokuja, na huo unywele lazima uwe na mahali pa kutoka. Kikata kucha ni chombo bora hapa kuliko kisu au kiberiti. Wapo wanaochoma ncha ili ivimbe isichomoke. Usifanye. Moto ulio milimita tatu kutoka fundoni unaharibu fundo lenyewe.

Sifa moja ya fundo hili ambayo wavuvi wa ghuba wataipenda: ncha iliyokatwa inaelekea chini, upande wa ndoana. Fundo ambalo ncha yake inaelekea juu hukamata kila jani linaloteleza juu ya uzi. Penye gugumaji, ambapo vipande vya mizizi vinaelea hata mahali panapoonekana pa wazi, ncha iliyolala chini inaacha takataka zipite.

Kisha ujaribu. Tia kalamu au mpini wa bisibisi ndani ya kitanzi badala ya kuvuta kwa ndoana, zungusha uzi mkuu mara kadhaa kwenye kitambaa kilichofungwa mkononi, uvute kwa nguvu yako karibu yote. Kitanzi kikipungua ukubwa, kata. Kisipopungua, umefaulu.

Uzi ukikatika, soma ncha yake

Baada ya samaki kukimbia wengi hufunga kipya haraka na kutupa tena. Subiri kidogo. Ile ncha iliyorudi ina habari.

Ikirudi imejikunja kama mkia wa nguruwe, fundo halikukatika, liliteleza na kufunguka. Huo mkunjo ni alama ya mizunguko uzi ulipokuwa ukichomoka. Sababu ni mizunguko michache mno, au kukaza kusikokamilika, au mkia uliokatwa mfupi.

Ikirudi imekatika safi na kitanzi chote kimebaki kwenye chambo, uzi ulikatika juu kidogo ya fundo. Mara nyingi ni fundo lililokazwa kavu, au mzunguko mmoja uliokalia mwingine na kuukata. Uzi uliokaliwa hukatwa na mwenzake kama jibini na waya.

Ikirudi na nyuzinyuzi, imeparuzika sentimita kadhaa, fundo halina kosa. Ni jiwe, ni ganda la mashua, au ni mdomo wa mbuta. Ongeza unene wa kipande cha mwisho au kirefushe.

Kuna kosa la nne ambalo halimo fundoni wala kwenye uzi, limo tunduni. Ndoana za bei ya chini mara nyingine tundu lake halikufungwa vizuri. Waya umepindwa ukaacha upenyo, na ukingo wa upenyo huo ni mkali. Fundo la kubana linaweza kukaa mbali nao. Kitanzi, kwa kuwa kinacheza huku na huku, kitafika pale kila dakika. Pitisha ukucha ndani ya tundu kabla ya kufunga. Ukikwama, tafuta ndoana nyingine, au tumia pete ndogo ya chuma katikati ya chambo na kitanzi.

Ukubwa wa kitanzi

Kwa chambo cha sentimita 5 hadi 7, kitanzi cha milimita 6 hadi 8 kinatosha. Kwa vile vikubwa vya kukokotwa nyuma ya mashua upande wa Rusinga na Mfangano, sentimita moja na nusu. Zaidi ya hapo hupati faida yoyote. Kitanzi kikubwa kinaruka juu ya pua ya chambo wakati wa kutupa, kinanasa ndoana ya mbele, na chambo kinarudi kikizunguka kinyumenyume na kusokota uzi wote. Kama chambo chako kinarudi mara kwa mara kikiwa kimenaswa na uzi wake chenyewe, punguza kitanzi kabla ya kulaumu upepo.

Kwa ndoana yenye risasi kichwani, inayopigwapigwa chini ya maji kwa kuinua na kushusha, kitanzi kina faida nyingine: ndoana inashuka ikiwa imelala sawa badala ya kuning'inia wima. Ila baada ya kila samaki tazama kama fundo halikuzunguka likaja kukaa tunduni. Kitanzi kidogo sana hufanya hivyo.

Uzi wa kusuka

Usifunge kitanzi hiki moja kwa moja kwenye uzi wa kusuka ukitarajia matokeo yale yale. Uzi wa kusuka ni laini na unateleza, na kitanzi chake hakisimami wazi. Kinalala kama utepe na kujizungushia ndoana. Kitanzi kinafanya kazi kwa sababu nailoni ni ngumu kiasi cha kujishikilia wazi. Unganisha kwanza kipande cha nailoni mwishoni mwa uzi wa kusuka, kisha funga kitanzi kwenye nailoni.

Vitanzi vingine viwili vya kujua

Kwa kuunganisha vipande viwili vya uzi, kitanzi cha kukunja ni rahisi kuliko vyote. Kunja uzi upate mkunjo wa sentimita 15, chukua nyuzi hizo mbili pamoja kana kwamba ni moja, fanya kifundo cha kawaida, pitisha mkunjo ndani ya duara mara ya pili, lowesha, kaza kwa kuvuta pande zote kwa pamoja. Hutumia uzi mwingi na huwa kinene, lakini hata gizani kinafungika. Ukiunganisha vitanzi viwili vya namna hii, tazama vinavyokaa: vishikane kama mikono miwili iliyoshikana kwa vidole, kila kimoja kimeingia kwa mwenzake sawasawa. Kimoja kikijizungushia shingo ya kingine, kitakikata mzigo ukija.

Kwa mshipi wa mkono wenye chubwi chini na ndoana mbili tatu pembeni, unahitaji kitanzi kinachochomoza katikati ya uzi. Fanya duara la upana wa kiganja mahali unapotaka ndoana ikae. Zungusha uzi juu ya duara lenyewe mara tano au sita, pale uzi unapojivuka. Tafuta katikati ya mizunguko hiyo, tanua nafasi kwa kijiti cha kiberiti, chukua upande wa pili wa duara uusukume kupitia nafasi ile, uushike kwa meno bila kuuma, kisha vuta ncha mbili za mshipi pande tofauti. Kitanzi kitasimama pembeni. Acha sentimita 40 hadi 50 kati ya kimoja na kingine, na kigwe cha ndoana kisizidi sentimita 15. Vigwe vikiwa virefu vitafikiana na kusokotana.

Pale kitanzi kisipofaa

Kamongo. Usimtafute kamongo kwa nailoni tupu, kwa fundo lolote lile. Taya zake zina bamba za meno zinazofunga kama mkasi. Weka waya, na kwenye waya mambo ya mafundo haya hayahusiki.

Ngege, yaani perege, kwa ndoana ndogo na nyungunyungu: funga kwa kubana. Chambo hakihitaji kuyumba, kinahitaji kutulia, na ngege anavyodonoa kwa ncha ya mdomo, nafasi ya kitanzi inakuchelewesha kumhisi. Vivyo hivyo kwa mumi anayevuliwa usiku kwa chambo cha nyama kilicholazwa chini. Na ikiwa tayari unatumia kibanio cha chuma au pete kwenye chambo, uhuru wa kucheza upo. Kitanzi juu yake ni kuongeza kitu bila sababu.

Kutunza

Kitanzi huchakaa mahali pamoja: pale juu ya mkunjo, tundu linapoteleza. Kila baada ya samaki, na kila baada ya kukwama kwenye jiwe au gogo, uvute mkunjo huo katikati ya midomo yako. Midomo huhisi mkwaruzo ambao vidole vilivyokomaa kwa makasia haviwezi. Ukihisi kitu chochote, kata.

Jua la ziwani nalo ni adui. Rili iliyoachwa sakafuni mwa mashua tangu asubuhi, nailoni yake ya juu inakauka na kuwa ngumu, na nailoni ngumu haikubali kukazwa vizuri hata kwa mate. Ifunike kwa gunia lililoloweshwa.

Vipande unavyokata usivitupe majini wala kwenye mafunjo. Nailoni haiozi, na ndege wanaotafuta chakula kwenye mafunjo ya Dunga hunaswa miguu nayo. Chukua kopo lenye kifuniko cha plastiki, pasua kifuniko umbo la msalaba kwa wembe. Uzi unasukumwa ndani kwa kidole na hautoki hata upepo wa alasiri ukivuma.

Fungia mafundo yako ufukweni asubuhi, kabla ya upepo huo. Andaa vipande vitano au sita vya nailoni nene vya mita moja na nusu, kila kimoja kikiwa na chambo kwenye kitanzi upande mmoja na kitanzi cha kukunja upande wa pili, uvizungushe kwenye kipande cha sponji ya godoro. Kikikatika kimoja huko majini, unapachika kingine kwa sekunde chache, bila kuhesabu mizunguko huku mashua ikipanda na kushuka.